Waliokuja Kuangalia Nyanya Zao

Mama yangu mdogo alilima nyanya Guta, huko Bunda, kwenye kipande cha ardhi kinachoteremka kuelekea ziwani, na kwa miaka mingi aliziuza hapohapo shambani. Hakupenda, ila hakuwa na namna. Nyanya ikishaiva haimsubiri mtu. Mnunuzi kutoka mjini alilijua hilo, na alifika jua likiwa kali, wakati matenga yameshajaa na hakuna pa kuyapeleka. Alikagua polepole, akabonyeza moja mbili kwa kidole, ndipo akataja bei. Akiombwa aongeze kidogo, alijibu kwa upole kabisa kwamba mama anaweza kuzirudisha nyumbani akazile mwenyewe.

"Huyo hanunui nyanya," mama mdogo aliniambia siku moja. "Ananunua haraka yangu."

Alichokitaka kutokana na nyanya zile kilikuwa ng'ombe mmoja tu. Zizini kwake walikuwamo wengi, lakini hakuna hata mmoja aliyekuwa wake. Wengine walikuja kwa mahari ya mabinti zake, wengine waliachwa na marehemu mumewe, na wote walikuwa na wasemaji wao: shemeji na watoto wa kiume. Yeye alikamua. Alitaka mtamba, ng'ombe jike ambaye bado hajazaa, aliyenunuliwa kwa jasho la mkono wake, ambaye hakuna mtu angemfungua kamba bila kumuuliza.

Kwa hiyo kikundi chetu cha wakulima kilipopata chumba cha baridi Musoma, karibu na Mwisenge ninakoishi, chenye paneli za jua juu ya paa, mtu wa kwanza niliyemwendea alikuwa yeye. Nilikuwa miongoni mwa waliopewa kazi ya kuelimisha, na kazi hiyo naipenda. Nilimweleza kwamba chumba hakimponyi mgonjwa. Nyanya iliyochumwa saa saba mchana hubeba jua ndani yake, na joto hilo huendelea kuipika hata ikiwa kivulini. Basi ichumwe asubuhi na mapema, ikiwa ndiyo inaanza kuwa nyekundu. Iwekwe kwenye kreti za plastiki, si tenga ambalo fito zake huikwaruza. Ipakiwe kwenye kirikuu, lile gari dogo la mizigo, ifunikwe turubai, ifike Musoma kabla lami haijachemka. Ikifika salama itakaa chumbani siku ambazo soko limefurika, na itatoka wakati wachuuzi wenyewe wanaulizana nyanya zimekwenda wapi. Wala haitaki baridi ya barafu ya samaki. Inataka ubaridi kama wa asubuhi baada ya mvua ya usiku.

Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama zitagawiwa masweta pia. Majirani waliokuwa wakichambua mboga wakacheka. Halafu akauliza swali la pili, na hilo halikuwa mzaha: je, yeye ataziona lini? Nikamjibu ataziona siku ya kuuza.

Mavuno ya kwanza aliyafanya kama nilivyomweleza, tena kwa uangalifu kunishinda mimi. Hata kreti alizifuta vumbi. Wenzake wa Kiriba na Butiama nao walileta za kwao, chumba kikajaa, na nikatembea na furaha yangu kama mtu aliyeoa.

Ndipo wageni walipoanza kuja.

Huku kwetu mwenye ng'ombe huwapitia wakitoka asubuhi na wakirudi jioni. Hawahesabu kwa sauti, anawatazama tu. Tumelelewa tukijua kwamba mali isiyoonwa na mwenyewe hukonda. Basi mtu wa Butiama aliyemleta mgonjwa hospitali alipita kwanza kuziona kreti zake. Wa Kiriba alimtuma shemeji yake. Mama mdogo alipanda basi kutoka Bunda akiwa na kitenge chake kizuri, kama anayekwenda kumwona mjukuu mchanga. Mzee aliyeshika ufunguo alikuwa na ng'ombe kwao pia. Alimfungulia kila mmoja, na akauacha mlango wazi ili mgeni atazame kwa utulivu.

Nilipomwambia mlango usifunguliwe ovyo, alinishangaa. "Mwenyewe amekuja kuiona mali yake. Nimwambie nini, kwamba yeye ni mwizi?"

Nikawaeleza wote. Niliwaonyesha chupa ya soda iliyotoka kwenye friji inavyotoa jasho mezani, nikasema nyanya nayo hufanya hivyohivyo hewa ya moto ikiingia, na jasho hilo likikaa juu ya ngozi yake huzaa ukungu. Walielewa. Walinishukuru sana, kisha wakaomba waone mara moja tu, wasikawie.

Joto la juma lile lilikuwa kali, na mtambo haukuweza kurudisha baridi iliyokuwa ikitoka mlangoni. Harufu ndiyo iliyotuambia kwanza. Kreti zilizooza zaidi zilikuwa za mama mdogo, kwa sababu aliomba ziwekwe karibu na mlango, azione upesi. Hata tulizotoa humo nzima ziliharibika kabla ya kufika sokoni. Na kinachoniuma hadi leo ni kwamba siku hiyo soko lilikuwa tupu kweli, kama nilivyomwahidi. Wachuuzi walikuja hadi mlangoni kwetu kuulizia nyanya.

Hakulia wala hakumlaumu mtu. Alichukua moja yenye nywele nyeupe za ukungu, akaigeuzageuza kiganjani. "Yule wa shambani alikuwaga ananipunja," alisema, "ila niliziona zikiondoka zikiwa nzima."

Msimu uliofuata fundi alikata tundu kwenye mlango, akaweka vioo viwili vyenye nafasi katikati, na taa ndogo ndani. Ni hivyo tu. Sasa mtu anakuja, anaegemeza paji la uso, anaziona kreti zake, anaondoka. Mlango wenyewe hufunguliwa asubuhi na jioni. Mama mmoja wa Kiriba, aliyekuwa akiuza kwa hofu ya nyanya kuoza, siku hizi hutaja bei yeye, na mnunuzi ndiye anayebembeleza. Anayesoma haya akiwa na shamba nasema naye pia: haya si mambo magumu, anza na kreti chache.

Nilikwenda Guta kumpa mama mdogo habari hizo. Penye nyanya palikuwa na muhogo. Pampu aliyomwagilia nyanya alikuwa amempa mwanawe. Aliniuliza kuhusu kile kioo, nikamweleza kila kitu, hata taa.

"Na mtu akishaangalia, moyo wake unatulia?"

Nikamwambia unatulia.

"Basi mmefanya vizuri."

Nikamsihi apande hata matuta mawili, nami nitaleta kirikuu hadi ukingoni mwa shamba. Alitabasamu, akanisogezea kigoda.

"Mwanangu, nyanya zinataka mgongo. Wangu niliutumia mwaka ule."

Nikaketi, nikachukua kisu, tukaendelea kumenya muhogo.