Pole ya Nyamvula

Nyamvula wa kijiji cha Shika Adabu amepanda mikoko miaka kumi na mmoja, tope hadi magotini, na siku zote hizo wageni waliongozwa na wengine. Ndipo meli ndogo ya watalii ikatia nanga Kilindini, na Clifford, meneja wa bustani ya mikoko, akamwambia, "Mama, leo waongoze wewe. Wakiridhika, beji ni yako." Beji ya kiongozi! Aliitamani kuliko leso mpya ya Krismasi.

Wakaja kumi na wawili kwa mashua, makofia mapana hayo. Nyamvula akawapitisha juu ya daraja la mbao, akawaonyesha jinsi mche wa mkoko unavyodondoka ukajichomeka topeni wenyewe, na kaa mwenye gando moja kubwa kushinda mwili wake. Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji, lakini mikono ilisema, na wageni wakacheka palipostahili kicheko. Moyo ukamtulia.

Kwenye ngazi ya mwisho bibi mmoja mwenye mvi akateleza, akaketi topeni pwaa. Nyamvula akamrukia, akamwinua, akimpa pole mfululizo kwa lile neno la Kiingereza alilofunzwa shuleni, "Sorry, sorry." Bibi hakuumia popote. Lakini msimamizi wa safari, mzungu kijana, akatoa karatasi akaanza kuandika.

"Anaandika kwamba umekiri kosa," Clifford, aliyekuwa akiwafuata nyuma, akanong'ona, uso umemshuka. "Kwao neno hilo ni la mwenye hatia."

"Hatia gani, mwanangu? Mtu kaanguka, nisimpe pole?" Beji aliiona ikienda hivi hivi. "Hebu mwambie. Sisi twampa pole aliyefiwa, na wala hatukumuua sisi maiti wake. Twampa pole hata atokaye kazini."

Clifford akatafsiri. Bibi akasikiliza, tope likimchuruzika, kisha akauliza aliyepewa pole hujibu nini.

"Hujibu, nishapoa," akasema Nyamvula.

Msimamizi akamgeukia bibi, kalamu tayari, akamwuliza aandike nani wa kulaumiwa.

Bibi akamshika Nyamvula mkono. "Nishapoa," akasema, kwa ulimi mzito.

Msimamizi akaikunja karatasi. Clifford akatoa beji mfukoni. Nyamvula akaomba radhi akaipokea kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia bibi alikuwa bado hajauachia.