Fundo la Malaika

"Kamba hiyo huishiki leo, Liborio."

"Na aishike nani, wewe? Fundo la aproni yako lenyewe limekushinda."

Tulikuwa ndani ya klabu ya mji, inayotazama uwanja wa kanisa, mimi na kaka yangu, katikati ya maboksi ya taa za sikukuu. Nje bendi ilishaanza kujaribu tarumbeta. Baada ya misa, kama kila tarehe kumi na tano Agosti, mtoto mmoja huvikwa mabawa, akaning'inizwa kwenye kamba na kuvutwa juu ya uwanja, kutoka dirisha la klabu hadi mnara wa kanisa, amwimbie Mama Maria. Mwaka huu malaika ni Mirella, mjukuu wangu wa miaka minane.

Liborio amefunga malaika miaka arobaini na moja. Alikuwa mwashi, nusu ya mji huu imesimama kwa mikono yake. Mwaka wa tufani upepo ulibeba paa la mchinjaji, ukabeba na mbuzi wawili, lakini malaika alibaki palepale angani akiimba, na alipoteremshwa aliomba maji tu. Anayebisha akawaulize mbuzi. Klabuni wanamwita Bwana Fundo. Tangu azikwe mkewe, jina hilo ndilo mke, ndilo chakula.

Lakini Jumapili nilimwona akinywa supu. Kijiko kilitoka bakulini kimejaa, kikafika mdomoni kitupu. Tangu hapo nikifumba macho namwona Mirella juu ya yale mawe ya uwanja, na fundo mgongoni mwake linalegea, polepole, na yeye anaendelea kuimba.

"Unanitangazia uzee," alisema.

"Nimiminie kahawa basi. Ukijaza kikombe bila kumwaga, nakaa kimya mpaka Krismasi."

"Wewe? Hata kufa utakufa unasema."

Akashika birika kwa mikono miwili. Ilianza vizuri. Kisha mdomo wa birika ukagonga kikombe, ti-ti-ti, kama meno ya mwenye homa, na kahawa ikatambaa kwenye kitambaa cha meza. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kumcheka. Badala yake nikamwondolea birika mikononi.

Akakaa juu ya boksi.

"Jana fundo nimelifunga mara saba," alisema kwa sauti ndogo. "Mara nne limefunguka. Naogopa, dada."

"Mwite Saverio. Si ulimfundisha fundo hilo wewe mwenyewe?"

"Nikimwita, uwanja mzima utajua."

"Na mtoto akianguka?"

Aliizungushazungusha kamba vidoleni, na kamba nayo ikatetemeka, hadi ncha.

"Sasa we Liborio, nisikilize..."

Mlango ukafunguka. Mirella aliingia kwa ubavu, maana mabawa yalikuwa mapana kuliko mlango, akaenda moja kwa moja mbele yake na kuinua mikono juu.

"Babu Libo, nifunge. Kaza sana."

Liborio aliiweka kamba mezani, juu ya kahawa iliyomwagika, akatia mikono yote miwili mifukoni.

"Kaa kidogo, malaika," alisema. "Tunamngoja Saverio."