Machela Iliyotundikwa Ukutani

Asubuhi ile mimi na mama tulikuwa tumenuniana kwa sababu ya maharage. Nilikuwa nimeyaunguza, naye, mjane mwenye mdomo wake, akawatangazia majirani wote wa kilima chetu huko Burundi kwamba binti yake wa miaka ishirini hajui kuchochea moto. Nilikuwa nasugua sufuria kwa hasira nilipoona watu wakiteremka mbio kuelekea ziwani. Nilidhani kuna harusi.

Kisha zikalia risasi.

Jirani aliyekuwa akikimbia mbele yangu na mama alianguka. Tukamruka.

Hilo la kumruka sijawahi kumwambia hata padri.

Tulitembea mpaka Kagunga, ufukweni upande wa Tanzania, ambako watu walijaa hata pa kunyoosha mguu hapakuwapo. Tulikunywa maji ya ziwa yale yale tuliyoogea. Siku ya nne meli ikatufikisha Kigoma. Mvua ilikuwa inanyesha na kambini hapakuwa na nafasi, basi watu wa Ujiji wakatugawana. Mimi, mama na wanaume watatu tuliosafiri nao tulipelekwa kwenye nyumba ndogo ya vyumba vitatu, mali ya tajiri mmoja wa mjini. Mlinzi wake, Mzee Hamisi, akatuonyesha pa kulala.

"Humu ni makumbusho," alisema. "Laleni, ila msiguse kitu."

Sikuwa nimewahi kuingia makumbusho. Kulipokucha nilizunguka vile vyumba nimepigwa bumbuazi. Kulikuwa na picha za kuchora, ngoma, majembe, vyungu vizima kabisa, kila kimoja na karatasi ya maelezo na kamba ya kumzuia mtu asisogee. Nilidhani wenyewe wamekimbia kama sisi, na mzee anawatunzia vitu vyao mpaka warudi. Nikawaonea huruma.

Katika chumba cha tatu, ukutani, ilitundikwa ingobyi, machela ya kusukwa yenye miti ya kubebea mabegani. Hiyo niliijua. Kwetu kila kilima kina yake, hutunzwa kwenye nyumba moja, na mwenye mgonjwa huja kuichukua bila kuomba ruhusa ya mtu.

Mchana mama alianza kuharisha maji matupu. Alasiri macho yake yalikuwa yameingia ndani. Zahanati ilikuwa mbali, na magari yote yalikuwa bandarini yakipakia watu. Nikaenda chumba cha tatu, nikaishusha ingobyi.

"Weka chini!" Mzee Hamisi alinidaka mkono. "Nimekukaribisha, binti, halafu unaniibia?"

"Mzee, mama anakufa. Hii si ya kubebea wagonjwa?"

"Ni ya tajiri. Ni ya kutazama tu."

Tulitazamana, kila mmoja akimwona mwenzake kichaa. Akaniambia nisubiri, akatoka kwenda kumwomba ruhusa mwenye mali. Nikasubiri. Mpaka leo sijui kwa nini nilisubiri.

Alirudi baada ya saa nzima, amelowa chapachapa. Hakumpata. Alimtazama mama, akavua kofia yake, akashika mti wa mbele yeye mwenyewe.

"Inueni," akawaambia wale wanaume watatu.

Tulikwenda kwenye tope. Nilimshika mama mkono.

Mkono ukalegea.

"Mawe!" niliita kwa Kirundi chetu, yaani mama. "Mawe!"

Tukasimama katikati ya barabara. Hatukujua twende mbele au turudi. Wanaume walitaka kumshusha, Mzee Hamisi akakataa. "Hatumweki kwenye tope," alisema. Tukaendelea mpaka zahanati, tunampelekea daktari maiti.

Kilikuwa kipindupindu. Wahudumu walimzika wao wenyewe, mimi nimezuiwa kusogea. Nguo zake na ile ingobyi wakazichoma moto. Kesho yake lori likanipeleka kambini.

Miaka mingi nilimchukia Mzee Hamisi kwa ile saa moja. Nilipopata nafasi nilirudi Ujiji na maneno yangu nimeyapanga. Mlangoni nilimkuta binti mmoja, akanikatia tiketi, akanitembeza chumba hadi chumba na maelezo yake ya kukariri. Katika chumba cha tatu alinionyesha misumari mitupu.

"Hapa palikuwa na machela ya wazee wetu. Wakimbizi waliiiba. Mlinzi alifukuzwa, akafa watu wakimwita mshirika wa wezi."

Nikamgeukia. "Yeye hakujitetea?"

"Alisema aliitumia kubebea mgonjwa. Nani angemwamini, mama? Alipoulizwa mgonjwa huyo anaitwa nani, hakujua."

Ni kweli. Hakuniuliza, nami sikumwambia.

"Aliitwa Marita," nilisema. "Ni mama yangu."

Nilikuwa nimekuja kumdai saa moja mtu aliyepoteza kazi na heshima kwa ajili ya mama yangu. Sikujua nilie kwa ajili ya nani kwanza, na wa kumwomba radhi hayupo.