Taa ya Reli na Ada Isiyorudi

Siku yangu ya kwanza kazini, Meneja hakunionyesha hata kiti. Alinipa simu yenye kioo kilichopasuka, akanionyesha picha ya kigoda cha zamani. "Mama Kerubo, huyu mnunuzi amelipa elfu tano. Sisi tumepata ngapi?"

Nikamjibu elfu tano. Alicheka mpaka akashika meza. "Utanifilisi, mama!"

Nilikuwa nimetoka Chepilat, nilikouza nguo sokoni miaka mingi, na huko elfu tano ilikuwa elfu tano. Duka letu la Kericho liliuza vitu vya kale: saa za ukutani kutoka nyumba za mashamba ya chai, mikebe ya majani ya chai, vigoda. Wanunuzi wetu wengi hawakukanyaga dukani. Waliona picha mtandaoni wakalipa kwa kadi, na kampuni inayopitisha malipo ikachukua ada yake kabla sisi hatujaona senti. Ninyi mnaoanza kazi hii jueni kwamba ada hiyo ina sehemu mbili: asilimia ya bei, na kiasi kingine kisichobadilika hata ukiuza kijiko. Kwa hiyo mkebe mmoja ulituumiza sana. Nikaanza kuuza mikebe sita kwa pamoja, tukawa tunakatwa mara moja. Meneja alifurahi, akanitoa kaunta akanituma kuzunguka Mogogosiek hadi Kipkelion kutafuta mali.

Kipkelion ndiko nilikompata Mzee Tonui, mstaafu wa reli. Alikuwa na taa ya shaba ya kupungia treni, imefifia na kuota ukijani. Mkewe, ambaye sote tulimwita Kogo, yaani bibi, alikuwa haoni kwa sababu ya mtoto wa jicho, na Mzee alitaka kuuza taa ampeleke akapasuliwe. Niliipiga picha papo hapo. Siku chache baadaye mtu wa ng'ambo akalipa elfu ishirini, nami nikampigia Mzee simu ailete.

Aliileta inang'aa kama sufuria mpya. Alikuwa ameisugua siku mbili kwa majivu na limau.

Mimi, kwa ujinga wangu, nilimpongeza. Nilipomtumia mnunuzi picha mpya ndipo nikaelewa. Aliandika kwamba alichonunua ni ule uzee wenyewe, na sasa umefutwa. Tukamrudishia pesa zake. Hata hivyo naye alipata hasara, maana benki yake ilibadilisha fedha kwa bei moja zikienda na kwa bei nyingine zikirudi. Na ile ada yetu, elfu moja na mia moja, kampuni haikuirudisha. Malipo yakishapita, ada imeliwa, hata biashara ikivunjika.

"Aliyesugua ndiye atalipa," Meneja akasema. Hakuwa mtu mbaya. Kodi ya duka ilikuwa imemkaba.

Nikaenda Kipkelion na taa mkobani, roho ikiniuma. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama, taa ya reli haikabidhiwi ikiwa chafu. Ungeleta chafu, bwana stesheni angekufukuza."

"Najua, Mzee. Kosa ni langu. Sikukuambia usiisugue."

"Lakini hiyo elfu moja imeenda wapi, na hakuna mtu ameuza, hakuna mtu amenunua?"

"Imebaki njiani, Mzee."

Kogo alikuwa ameketi karibu na jiko, akipapasa kutafuta kikombe chake. "Basi tutangoja," akasema. Ilikuwa imebaki wiki moja ifike siku yake ya kupasuliwa hospitalini.

Sikuweza kuvumilia. Kesho yake nilitoa pesa nilizoweka kwa ajili ya mabati, nikarudi kuinunua ile taa mwenyewe. Mzee alihesabu noti mara mbili, zikawa elfu ishirini kamili. Ile ada nilimwambia Meneja akate kwenye mshahara wangu. Akakata nusu tu.

Kuanzia hapo kila muuzaji nilimwandikia bei mbili kwenye karatasi: anayolipa mnunuzi, na itakayofika mkononi mwake. Chini yake niliandika kwa herufi kubwa: USIOSHE, USISUGUE.

Sasa nimestaafu, na nyumba yangu bado ina mabati ya zamani. Watu huniuliza kama ninaichukia ile kampuni ya malipo. Siichukii, bila hiyo mtu wa ng'ambo asingeijua Kipkelion. Kinachoniudhi ni kumficha mtu makato mpaka ameshapanga matumizi.

Taa iko kwenye rafu yangu. Sijaigusa, na shaba imeanza tena kufifia, jinsi wanunuzi wanavyopenda. Mwezi uliopita Mzee alikuja kunisalimia pamoja na Kogo. Hata chai sikuwa nimemimina, Kogo akanyoosha kidole kutoka upande ule wa chumba.

"Mama Kerubo, hiyo taa ni chafu hivyo na wewe huoni?"

Akafungua kitambaa chake cha kichwa, akaishusha taa, akaanza kuisugua. Nikamwacha asugue.