Doa Jekundu na Watu Wanaokawia Kujibu

Mwaka wangu wa mwisho wa saikolojia, chuoni Butembo, niliandika kazi juu ya picha za ubongo. Mashine inayopiga picha hizo sijaiona mpaka leo, kwetu haipo. Picha zilitoka kwa watafiti wa mbali walioziweka kwenye internet. Watu walilala ndani ya mashine, wakaulizwa maswali mepesi na magumu, wakajibu kwa kubonyeza kitufe, na muda wa kila jibu ukaandikwa.

Nilipozilinganisha kwa hesabu, kwenye maswali magumu doa jekundu, alama ya mahali palipofanya kazi zaidi, lilitokea sehemu ya mbele ya ubongo. Nilifurahi sana, nikaandika kwamba ugumu unashughulikiwa pale. Mwalimu aliyeniongoza, mzee mpole wa Lubero, alisoma, akaweka kidole juu ya lile doa.

"Mais kwa maswali magumu batu banakawia kujibu," akasema kwa Kiswahili chetu cha kuchanganya na Kifaransa. "Sasa ile doa ni ya ugumu, ao ni ya kukawia tu?"

Sikuelewa. Akanieleza kwamba maharagwe yakikaa muda mrefu jikoni yanakula makaa mengi, hata kama moto ni uleule. Ubongo nao ukifanya kazi ileile kwa muda mrefu zaidi, picha inaonyesha nguvu zaidi. Akaniambia basi niingize muda wa kila jibu katika hesabu.

Niliingiza, doa likapotea. Nikarudia hesabu nikidhani nimekosea, likapotea tena.

Nilienda Beni kwa Mama na kichwa kizito. Tangu watu wenye silaha walipotukimbiza kutoka shamba letu la kakao upande wa Oicha, anakaa huko katika nyumba ya kupanga. Nikamwomba ajibu maswali kama yale kwenye kompyuta yangu. Alijibu haraka, haraka, kisha swali moja jepesi kabisa likamshika muda mrefu. Nikamuuliza ugumu ulikuwa wapi.

"Jibu nilikuwa najua," akasema. "Mais pikipiki ilisimama inje. Nikasikiliza kwanza ni nani."

Hapo nikachanganyikiwa zaidi. Kama Mama angekuwa ndani ya mashine, kukawia kwake kungehesabiwaje? Swali halikuwa gumu, lakini ubongo wake haukuwa umelala. Nikiondoa ule muda, naondoa takataka, ao naondoa jambo lenyewe? Niliporudi nilimpelekea mwalimu swali hilo. Alivua miwani, akaniambia kwamba hata yeye hajui vizuri, niandike matokeo yote mawili, ya kuhesabu muda na ya kutouhesabu.

Siku ya kutetea kazi, mmoja wa wasahihishaji alinitazama juu ya karatasi zake.

"Donc ile doa iko ao haiko?"

"Sijue, Professeur," nikajibu. "Inategemea muda tunauhesabu namna gani."

Walinitoa inje wakajadiliana, na mimi nikaamini nimeanguka. Waliponiita, walisema nimepita, tena vizuri. Wenzangu wakanimwagia poudre kichwani, ile poda nyeupe ya kumshangilia aliyefaulu. Mama, aliyepanda gari kutoka Beni asubuhi ileile, alinifuta uso kwa kitenge chake akaniuliza nimegundua nini. Nilianza kumweleza, nikakwama katikati, nikaanza upya.