Mzee Placidi Anaoga Mwenyewe

Mzee Placidi alikuwa na miaka sabini na minne, nyonga moja nzima na nyingine ya kubahatisha, na sinki la kuogea ambalo nusu ya mji wa Mbinga walikuwa wamelisikia bila kuliona. Si sinki la kunawia. Lilikuwa lile refu la kulala, chuma kizito chenye rangi nyeupe, limesimama kwa miguu minne kama ng'ombe anayengoja kukamuliwa. Nyumba yenyewe ilijengwa zamani na chama cha wakulima kwa ajili ya mtaalamu wa kahawa kutoka Ulaya, ambaye inasemekana alikaa miezi kumi na minne, akaoga sana, akaandika ripoti, akaondoka. Chama kilipouza nyumba zake, Placidi, aliyekuwa karani wao wa mizani, akaichukua hiyo pamoja na sinki lake, kwa sababu hakuna aliyejua namna ya kulipitisha mlangoni.

Wakati Aurelia mkewe yuko hai, sinki lilifanya kazi zote za nyumba. Maharage ya mbegu yalilowekwa humo, mablanketi yalifuliwa humo, na Krismasi moja kitimoto mzima alisubiri humo mpaka wageni wafike. Placidi alioga humo siku za Jumamosi, baada ya kuomba ruhusa. Aurelia alipofariki, sinki likabaki la kuogea tu, na nyumba ikabaki ya mtu mmoja.

Kisha akateleza kwenye njia ya kutoka kanisani, masika ya mwaka mmoja, nyonga ikaachia. Hospitalini walimshona, wakampa fimbo, wakamwambia ana bahati. Bahati hiyo ilikuwa na mpaka wake: ukingo wa sinki ulimfika mapajani, na mguu wa kulia haukukubali tena kupanda kufika huko. Kwa wiki tatu alijipangusa na kitambaa chenye maji kama mtu anayefuta vumbi kabatini.

Aliyegundua ni Nicholaus, mdogo wake Aurelia, anayeishi kijiji cha Mbuji. Kwa watu wa huku, kaka wa mke wako ni mlamu wako, na mlamu ana kibali cha kukutukana mpaka utamani kuzaliwa upya, nawe unacho kibali hichohicho, na hakuna anayekwenda kulalamika kwa mtendaji wa kijiji. Nicholaus aliingia sebuleni siku ya Jumatano, akasimama, akanusa.

"Mlamu," alisema, "humu ndani kuna kitu kimekufa. Kama si panya, ni wewe."

Jioni hiyohiyo akachemsha maji, akamvua shati, akamkumbatia kiunoni kama gunia la mahindi, akamwingiza kwenye sinki. Tangu siku hiyo, kila Jumatano na kila Jumamosi, saa kumi alasiri, bodaboda ya kutoka Mbuji ilisimama mbele ya nyumba, na Nicholaus akashuka na koti lake kubwa. Hivyo ikaenda miaka mitatu.

Ukiwasikia kupitia dirisha la bafu ungeita mgambo. Nicholaus alikuwa akimwagiza kunja mguu, si huo, ule mwingine wenye akili. Placidi alikuwa akimkumbusha kwamba dada yake alishatoa siri zote, pamoja na ile ya kukojoa kitandani mpaka darasa la nne. Nicholaus alisugua mgongo wa mwenzake kwa dodoki, akilalamika kwamba amewahi kumenya mihogo yenye ngozi laini kuliko hii. Mama Rosina, jirani wa upande wa migomba, mwanzoni alikuwa anakuja kuuliza kama kuna ugomvi. Baadaye alizoea, akawa anasogeza kigoda chake karibu na ua ili asipitwe na kitu.

Jambo moja tu Mama Rosina hakulisikia, kwa kuwa lilisemwa chini chini. Wakati wa kusugua mgongo, watu wawili hawatazamani. Hapo ndipo Nicholaus alipokuwa anasema kidogo kuhusu dada yake: jinsi alivyoimba kwaya kwa sauti kubwa isiyoshika tuni, jinsi alivyovuka mto na mzigo wa kuni kichwani huku akimbeba yeye mgongoni. Placidi alisikiliza akiwa ametazamana na bomba. Halafu Nicholaus alimmwagia maji kichwani bila onyo, na matusi yakaanza upya.

Mwenye kuharibu mambo alikuwa mtoto mwema. Restituta, kifungua mimba wa Placidi, anafanya kazi Mwanza na anampenda baba yake kwa simu, kila Jumapili baada ya misa. Alisema haiwezekani mjomba, naye ni mzee, awe anambeba mzee mwenzake juu ya chuma kinachoteleza. Siku moja wataanguka wote wawili wafe uchi, watu waje kuwakuta. Alikuwa ameona kwenye simu bafu za kisasa: hakuna ukingo, unaingia wima kama unavyoingia dukani, bomba la mvua juu, kiti cha kukunja ukutani, chuma cha kushikilia, marumaru zisizoteleza. Fundi ameshampata. Baba ataoga mwenyewe kama mtu mzima, bila kumsumbua yeyote.

Placidi alihamishia simu sikio la pili. Angesema nini? Kwamba anataka kuendelea kushindwa? Alichokiogopa kilikuwa kidogo, hata aibu kukitamka mbele ya mtoto: siku atakayoweza kuoga mwenyewe, Nicholaus hatakuwa na sababu ya kupanda bodaboda. Miaka mitatu hiyo Nicholaus hakuwahi kuja Jumanne. Hakuwahi kuja kukaa. Alikuja kuogesha, akaogesha, akanywa kikombe kimoja cha chai akiwa amesimama, akaondoka. Ukiondoa sinki, Placidi hakuwa na hakika kinabaki nini.

Akamjibu Restituta ni wazo zuri.

Fundi aliitwa Wilfred, wa Mkumbi, kijana mtaratibu ambaye sifa zake zote zilitokana na mabanda ya nguruwe na makaburi. Kutoa sinki kulichukua siku nzima, wanaume wanne na fremu ya mlango. Lilipofika uani, Nicholaus alilizunguka mara mbili akilipigapiga kwa kiganja, akasema chombo hicho kisitupwe, ni saizi yake. Kahawa ikishamenywa lazima ilale kwenye maji mpaka utelezi wake uachie, na yeye kila mwaka anahangaika na mapipa. Wakalipakia kwenye toyo, magurudumu matatu yakalia, na sinki la mtaalamu wa Ulaya likaondoka kwenda Mbuji miguu juu.

Bafu lilipokuwa limebomolewa, Placidi alikuwa anaogeshwa uani. Nicholaus alimkalisha kwenye kigoda cha plastiki nyuma ya jiko, ndoo ya maji ya moto upande mmoja na ya baridi upande mwingine, akamwagia kwa kopo. Ilikuwa Juni, ukungu unashuka tangu saa tisa, mzee anatetemeka meno na kutukana kwa vipande. Mama Rosina alihamisha kigoda. Zilikuwa siku nzuri, na Placidi alizihesabu kama mgonjwa anayehesabu vidonge vilivyobaki.

Sasa Wilfred. Kijana huyu amekulia milimani, amechimba ngolo tangu aanze kutembea. Ngolo ni yale mashimo tunayochimba mashambani kwenye miteremko, safu kwa safu, ili mvua ikinyesha maji yatulie humo yasiondoke na udongo. Kwa hiyo mkono wa Wilfred unajua kitu kimoja kuhusu maji, kwamba yakamatwe. Alipomwaga zege la sakafu ya bafu, mkono ukafanya ulivyofundishwa: ukabonyea katikati, taratibu, vizuri kabisa, na tundu la kutolea maji likabaki kwenye kona, juu, kavu.

Placidi aliona. Alisimama mlangoni na fimbo yake zege likiwa bado bichi, akaona katikati pamezama, na karani wa mizani wa miaka ishirini na sita hahitaji pima maji kujua kitu kimelala upande gani. Angesema neno moja, Wilfred angesawazisha kwa dakika kumi. Akauliza kama fundi ameshakunywa chai.

Siku ya kujaribu, marumaru zote zimeshakaa, wakafungua bomba. Maji yakaja, yakakusanyika katikati, yakafika kwenye vifundo vya miguu, yakatulia. Nicholaus alikunja suruali akaingia.

"Wilfred, mwanangu," alisema, "mwaka huu humu tupande mahindi au tuanze na maharage?"

Wilfred alisema pima maji yake ilianguka Jumatatu. Sakafu ikavunjwa yote. Placidi akapata wiki mbili zaidi za kigoda cha plastiki, na hakuna aliyemshuku.

Lakini hata Wilfred hawezi kukosea kitu kilekile mara mbili. Sakafu ya pili maji yaliikimbia kama wanafunzi waliosikia kengele. Kiti kikafungwa, chuma kikafungwa, hita ikawashwa. Bafu lilikuwa zuri kiasi kwamba Mama Rosina aliomba kuingia alitazame, akatoka kimya, jambo ambalo si kawaida yake.

Jumatano iliyofuata Nicholaus alikuja saa kumi kama kawaida, na koti lake. Placidi alichukua taulo, akaingia bafuni kwa miguu yake mwenyewe, kisha akasimama na kitasa mkononi. Mtu anayeogeshwa haulizwi habari ya mlango. Mtu anayeoga mwenyewe anafunga. Akafunga. Alikaa kwenye kiti, maji ya moto yakamteremkia, akashika chuma, akasugua alikofika. Upande wa pili wa mlango alimsikia Nicholaus akikohoa mara moja. Dakika nane, kila kitu kimekwisha, na amevaa.

Wakaenda sebuleni. Hapo ndipo balaa lilipokuwa linawasubiri. Wakaketi kwenye makochi yenye vitambaa vya Aurelia, chini ya picha ya Moyo Mtakatifu, wakawa watu wa heshima.

Nicholaus aliuliza hali ya nyonga. Placidi akasema anaendelea vizuri, akauliza kahawa. Nicholaus akasema inaiva kwa pamoja mwaka huu. Placidi akasema ni jambo jema. Nicholaus akamwita Mzee Placidi. Hakumaanisha ubaya; ni neno lililotoka lenyewe, kama linavyotoka kwa mtu aliyekaa kwenye kochi la watu. Placidi akajaribu kuokoa jahazi. Akasema shati hilo la Nicholaus hata mbwa wa Mbuji wangekataa kulilalia. Bafuni ingekuwa salamu. Sebuleni, na chai mezani, ilisikika kama tusi la kweli. Nicholaus aliliangalia shati lake, akalinyoosha kidogo tumboni. Chai ikanywewa kwa kukaa. Saa kumi na nusu alishaaga.

Jumamosi hakuja, alituma ujumbe kwamba wanamenya kahawa. Kweli ilikuwa wakati wake, Mbuji nzima ilikuwa inanuka maganda mabichi. Jumatano hakuja na hakutuma. Placidi alikuwa sasa anaoga kila siku, asubuhi na jioni, kwa kuwa ilikuwa rahisi na kwa kuwa hakuwa na kingine cha kufanya saa kumi. Hakuwahi kuwa msafi hivyo tangu siku ya ndoa, na hakukuwa na mtu wa kumnusa. Mgongo tu ndio hakuufikia.

Alhamisi akapiga simu.

"Mlamu," alisema.

"Naam, Mzee Placidi. Bafu vipi, linasumbua?"

Hapo alipewa mlango wazi. Angesema hita imegoma, au sakafu imerudia ungolo wake, na kabla jua halijazama Nicholaus angekuwa uani na nyundo, anatukana ukoo mzima wa Wilfred. Alikaa na uongo huo mdomoni, ukiwa mtamu kabisa.

"Halisumbui. Linafanya kazi vizuri."

"Basi tumshukuru Mungu."

"Njoo Jumamosi."

"Kuna kazi gani?"

Haikuwa dhihaka. Nicholaus alikuwa anauliza kweli, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua aje na kifaa gani. Nyuma yake mashine ya kumenyea ilikuwa inasaga, na mwanamke fulani alicheka.

"Hakuna kazi," alisema Placidi. "Njoo tu."

Mashine ikasaga kwa muda mrefu.

"Jumamosi tunaanika," alisema Nicholaus. "Nitaangalia."

Nitaangalia, katika nchi hii, ni neno lisilo na mfupa. Linaweza kuwa ndiyo, linaweza kuwa hapana, na anayelisema mara nyingi hajui ni lipi mpaka siku yenyewe ipite.

Jumamosi Placidi hakuoga asubuhi. Alikula ugali kwa usipa, dagaa wa ziwani, mchana, akaosha sahani, akafagia kibaraza ambacho kilikuwa kimeshafagiwa. Saa tisa na nusu alitoka akiwa na bukta na taulo begani, akakaa akiielekea barabara ya kutoka Mbuji, nyonga imewekewa mto. Mama Rosina alimpita na kikapu, akampa shikamoo, akauliza kama leo maji yamekatika.

"Yapo," alisema Placidi. "Bado kidogo."

Saa kumi ikapita. Bodaboda mbili zilipanda kilima, moja na gunia, nyingine na mwanafunzi. Restituta akapiga, ingawa haikuwa Jumapili, akauliza kama ameshaoga. Alijibu kwamba yuko mbioni kuingia. Ukungu ulianza kuteremka kutoka milimani, baridi ikamshika magotini, na ndani kule, hatua kumi tu, hita ilikuwa imewaka na maji ya moto yalikuwa tayari kwa kugusa bomba. Alijiambia atangoja mpaka jua litoke kwenye ukuta wa Mama Rosina. Lilitoka. Akajiongezea mpaka kengele ya kanisa.

Kengele ikalia, watu wakapita kwenda kwenye rozari, wakamsalimu mmoja mmoja. Aliwaitikia wote, taulo begani, hajaoga.