Moshi wa Korosho Getini

Baba alipanda mikorosho yake kule Ruangwa kabla sijazaliwa. Hakuomba kibali kwa mtu, wala hakuna ofisa aliyekuja kumshikia jembe. Aliipalilia, akaipulizia dawa ya salfa hadi koo likamkauka, na kila msimu akatenga kiroba kimoja ambacho hakikwenda ghalani. Kilikuwa cha wageni. Aliyekuja kwetu, kwa harusi au kwa msiba, alibanguliwa korosho akaondoka anatafuna.

Alifia Nachingwea, nyumbani kwa kaka yangu, tulikompeleka kwa matibabu, na huko huko tukamzika. Arobaini yake ilipofika nilitaka jambo moja tu: watakaomsomea dua wale korosho za miti yake. Wali na nyama kaka angepika. Korosho zilikuwa juu yangu.

Asubuhi ya siku yenyewe nikakifunga kiroba na sufuria ya kuandalia nyuma ya bodaboda ya jirani yangu, tukaondoka. Kwenye geti la mazao, kabla ya kuingia wilaya ya Nachingwea, ofisa mmoja akanyoosha mkono. Akakibonyeza kiroba kwa kidole.

“Korosho ghafi hizi, mama. Kibali kiko wapi?”

“Kibali cha nini? Zimetoka shambani kwetu. Nazipeleka kwenye arobaini ya baba yangu, na ndiye aliyezipanda.”

“Pole kwa msiba. Lakini ghafi haziendi wilaya nyingine bila kibali. Zinatakiwa chama cha ushirika, ziuzwe mnadani. Nikikuachia wewe, kesho walanguzi wote watakuwa na arobaini.”

Walanguzi nawajua kuliko yeye. Nimewaona wakinunua korosho zingali maua, kwa mtu ambaye watoto wake wamelala na njaa. Lakini mlanguzi hasafiri na kiroba kimoja na sufuria ya msibani. Ofisa alikuwa na macho, alituona.

Hasira ikanipanda, na haikuwa ya siku hiyo peke yake. Nimeombea kibali ngoma ya kumtoa binti yangu unyagoni. Nimefukuzwa na meza yangu ya maandazi kwa sababu leseni niliyokuwa nayo ilikuwa ya upande wa pili wa barabara. Mwembe uliotaka kuangukia jikoni kwangu niliuombea ruhusa ya kuukata, ukaanguka nikingali naisubiri. Kila mara niliinamisha kichwa nikasema sawa. Safari hii shingo ilikataa.

“Zilizobanguliwa je?” nikamuuliza.

“Hizo ni chakula. Zinapita.”

Nikashusha kiroba. Pembeni ya geti palikuwa na mama muuza chai, nikamwomba bati la kubangulia, maana huku kwetu nyumba isiyo na bati lililotobolewa kwa msumari ni ya mgeni. Jirani yangu akaokota kuni. Nikawasha moto hatua chache kutoka kwenye kiti cha ofisa, nikamwaga korosho juu ya bati, nikaanza kukoroga kwa mti mrefu.

Moshi wa ganda la korosho hauna adabu. Mafuta yaliposhika moto, wingu jeusi likaenda moja kwa moja getini. Ofisa akahamisha kiti. Upepo nao ukahama.

“Mama, unafanya nini?”

“Nafuata sheria, bwana.”

Nikazizima kwa mchanga, nikapaka mikono majivu, nikaanza kuzigonga kwa jiwe. Muuza chai akaja na jiwe lake, akakaa. Wakaja wanawake wengine wawili wa nyumba za jirani, nao wakakaa bila kuuliza lolote zaidi ya jina la marehemu. Tukabangua tukimrehemu baba, huku malori yakikaguliwa na mtu anayetokwa machozi.

Jua lilikuwa limeshapita kichwani na kiroba kiko nusu ofisa alipokuja, leso puani.

“Basi, mama. Nimekuonea huruma. Hizo ghafi zilizobaki pita nazo, ila usimwambie mtu. Utanishukuru siku nyingine.”

Jirani yangu akaruka kwenye pikipiki. “Dada, twende. Dua itatupita.”

Nilitamani kwenda. Moyo wote ulikuwa Nachingwea. Nikamwangalia ofisa, nikamwangalia baba kwenye zile korosho, nikaongeza kuni.

“Asante, bwana. Nitamaliza.”

Tulifika alasiri. Mikeka ilikuwa inakunjwa, shehe ameshaondoka. Kaka alisimama mlangoni amevaa kanzu, hasira imemjaa, na jirani yangu, ambaye hajui kuficha, akamweleza yote kabla sijashuka. Sikujitetea. Nikaweka sufuria ukumbini, mikono yangu myeusi mpaka kwenye viwiko. Wazee waliokuwa wanatafuta viatu wakachota, wakatafuna, mmoja akarudi kukaa. Mikeka ikakunjuliwa, na mzee huyo akainua mikono akaanza dua upya.

Tulipoitikia amina, kaka akaniinamia sikioni, akaniuliza kwa uchungu, “Si alikwishakuruhusu upite? Kwa nini ukakataa?”

“Alitaka nimshukuru,” nikamwambia, “kwa korosho za baba.”

Kaka akanyoosha mkono kwenye sufuria.